Kikohozi Kilichokatazwa

Mwanamke aliyenipokea Brussels alificha ugonjwa uliomuua. Alinificha mimi, niliyekuwa nikienda kwake kila baada ya wiki mbili na karatasi ya maswali kumuuliza kama anaumwa. Nimejaribu mara nyingi kuieleza habari hii kwa upole nikashindwa, basi naisema hivyo hivyo. Aliuficha kwa sababu alinipenda na alitaka nimalize masomo. Watu wakifika hapo huinamisha vichwa na kusema, ah, upendo. Mimi siku hizi nikilisikia neno hilo natamani kumrushia mtu kikombe.

Nilifika kutoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na cheti cha uuguzi ambacho hakuna hospitali iliyokitaka. Yeye alikuwa na fleti ya vyumba viwili Evere, ghorofa ya sita, na binti mmoja aliyekuwa bado anasoma sekondari. Hatukuwa ndugu. Tulijuana kanisani, Jumapili yangu ya tatu, aliponiuliza nalala wapi. Nilimwambia nalala kituo cha wakimbizi. "Ile haiko fasi ya mutoto wa batu," alisema, yaani si mahali pa mtoto wa watu, na baada ya ibada alibeba begi langu mwenyewe hadi kwenye basi. Nilikaa kwake majira mawili ya baridi. Kanisa zima lilimwita Maman, bila kuongeza chochote, na mimi nikamwita hivyo.

Nilisoma uuguzi upya, safari hii kwa Kifaransa, kisha afya ya jamii, na mwishowe chuo kikuu kimoja kilinichukua kama mtafiti wa shahada ya uzamivu. Wakati huo nilikuwa na chumba changu karibu na Flagey. Kila Jumamosi nilipita katikati ya soko, nikanunua mboga za haraka, nikapanda basi kwenda Evere kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa katibu wa kwaya. Sauti yangu si ya kumsimulia mtu, ila najua kuandika barua, na kwaya ya Wakongo ina barua nyingi kuliko nyimbo.

Profesa aliyenisimamia alitaka kujua ni dawa ipi kati ya mbili za presha inawafaa zaidi watu waliotoka Afrika. Dawa zote mbili zilikuwa za kawaida, zimejaa kila duka la dawa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta watu wenye presha, kuwapelekea vidonge alivyowaandikia daktari, kuwapima, kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa na kuwauliza maswali yale yale: kizunguzungu? kikohozi kikavu? uvimbe wa miguu? uvimbe wa midomo au ulimi? Hilo la mwisho lilikuwa limepigiwa mstari. Dawa mojawapo kati ya zile mbili huweza kuvimbisha midomo na ulimi hadi mtu akakosa njia ya kupumulia. Hutokea kwa nadra, lakini kwetu sisi weusi hutokea zaidi. Nililijua hilo vizuri. Niliandika sura nzima juu yake.

Tulibandika matangazo kwenye korido na vituo vya afya. Miezi miwili, wakaja watu watatu. Profesa alianza kuuma kalamu. Siku moja nikamwambia kwamba kuna kanisa ninalosali, na kina mama wa pale karibu wote wana presha.

Uso wake ulichangamka. "Mbona hukusema mapema?" aliniuliza. "Hiyo ni nguvu yako, madame. Wanakuamini."

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo tulijaza tamko la maslahi. Ilikuwa fomu ya kurasa nne. Je, una hisa katika kampuni ya dawa? Je, mume wako anafanya kazi katika kampuni hiyo? Je, umepokea zawadi, safari, chakula? Je, una shughuli nyingine nje ya chuo zinazochukua muda wako? Nilishuka na kalamu nikiandika *néant*, *néant*, *néant*, yaani hakuna, hadi chini, nikasaini. Hapakuwa na sanduku lililouliza kama miongoni mwa watu unaowapima yupo aliyekuosha miguu ulipokuwa na homa. Na kuhusu kwaya, nani huita kuimba shughuli? Sikusema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba sikusema uongo hata kidogo.

Jumapili moja baada ya ibada niliwakusanya kina mama kwenye jiko la ukumbi na karatasi za ridhaa. Nilianza kuwasomea. Wana haki ya kukataa, wana haki ya kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu. Maman alinikatiza.

"Chérie, ile yote ya nini? Njo examen yako, mutihani ya shule?"

Nilikuwa nimechoka, na sufuria za wali zilikuwa zinangoja. "Karibu hivyo," nikajibu.

"Bon. Basi onyesha fasi ya kusaini."

Wakasaini wote, wengine wakiwa wamesimama, mmoja juu ya mgongo wa mwenzake. Nami nilifurahi. Hakuna aliyesoma mstari hata mmoja, na mimi nilifurahi.

Miezi ya mwanzo ilikwenda kama kazi inavyokwenda. Nilipima mikono minene na myembamba, nikala kila nyumba, nikasahihishwa namna ninavyofunga kitambaa. Kisha dada mmoja wa sauti ya pili, mrefu, mzaliwa wa Lubumbashi, akaniambia amekuwa akikohoa kwa wiki tatu, kikohozi kikavu kisichomwacha alale. Ilikuwa dawa. Kanuni ilikuwa wazi: aache, daktari ambadilishie, atolewe kwenye utafiti. Nilifanya yote hayo sawasawa. Lakini nilipokuwa nakata jina lake kwenye orodha, pale pale jikoni mbele ya wote, nilishusha pumzi na kusema, "Bamaman, mukikohoaka hivi bote, hii doctorat nitaenda kuimaliza mbinguni."

Wakacheka sana. Ulikuwa utani, na mimi mwenyewe nilicheka. Maman alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe, na yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekohoa. Hakuna aliyepata kizunguzungu. Miguu yote ilikuwa mizuri. Vidonge kwenye chupa vilibaki idadi ile ile inayotakiwa, wiki baada ya wiki, kwa watu ambao sijawahi kuwaona wakifika mazoezini kwa wakati. Muuguzi wa mwaka wa kwanza angeshtuka. Mimi nilimpelekea profesa majedwali, naye akatualika wanafunzi wake chakula cha mchana nyumbani kwake Auderghem, bustani inayokaribia msitu, akaniinulia glasi mbele ya wenzangu na kusema hajawahi kuona wagonjwa watiifu hivi. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Nilijiambia kwamba sisi tuna kitu ambacho Wazungu hawana. Kiburi hicho nakikumbuka vizuri kuliko chakula.

Jumamosi moja baada ya Pasaka, Maman alikuja mazoezini amejifunga kitambaa kikubwa kilichomfunika kuanzia puani hadi shingoni. Nilimuuliza ana nini.

"Jino, mutoto yangu," akasema, akigeukia pembeni.

"Niangalie?"

"Imba kwanza. Beko banakungojea."

Ni kweli walikuwa wananingoja. Mwalimu wa kwaya alitaka barua ya kuomba ukumbi, kulikuwa na kina mama saba wa kupimwa kabla hawajatawanyika, na Jumatatu nilikuwa na sura ya kumpa profesa. Nilimpima Maman presha juu ya sweta jembamba, nikamsomea maswali yangu mbio mbio. Midomo? "Hapana." Ulimi? "Hapana, nimekuambia ni jino." Nikatia alama kwenye sanduku la hapana. Kitambaa kilikuwa umbali wa mkono wangu. Ningenyoosha vidole viwili tu.

Wiki chache baadaye, Jumamosi saa sita mchana, nilikuwa bado sokoni Flagey binti yake aliponipigia simu. Alisema Maman ameamka na mdomo umevimba, akakataa daktari, akasema utashuka. Sasa ulimi umejaa kinywani na gari la wagonjwa limemchukua. Nilikimbia na mfuko wa vitunguu mkononi. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamtoboa koo, lakini wamechelewa, ubongo ulikaa mno bila hewa.

Kwenye korido alikuwapo yule dada mrefu aliyekohoa. Alikuwa analia na kujipiga mapaja.

"Tulizania itashuka," alisema. "Tulizania itashuka tu sawa ile mara ingine."

"Mara gani ingine?"

Nikamshika mabega, nadhani nilimtikisa.

"Bon… ya kwanza ilikuwa mbele ya Pasaka. Ya deuxième ni ile siku ya foulard, ile kitambaa."

"Na hamukuniambia?"

"Yeye alikataza! Ile siku ulinitoa mimi, nyuma yako alituita. Alisema mutu yoyote asikohoe tena mbele yako. Juu bakikutolea batu, utaanguka examen. Alisema, huyu mutoto haiko na mama hapa, mama yake njo sisi."

Maman alifariki Jumatano. Shuleni walitukaririsha methali kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na tuliipigia kelele darasani bila kuifikiria. Kwenye matanga yake nilikaa na kina mama kwenye viti vya plastiki, nimevaa kitenge walichonichagulia, na kila aliyeingia alinipa pole mimi na binti yake kwa pamoja, kwamba tumefiwa na mama. Nilipokea pole hizo kwa mikono miwili. Sikujua namna ya kuzirudisha.

Wiki mbili baada ya mazishi niliwaita kina mama jikoni kule kule. Niliwaambia nataka ukweli, sitamkata mtu jina, sitalia. Walitazamana. Halafu mmoja akacheka kidogo, kwa aibu, na bwawa likapasuka. Alikuwa ameacha dawa tangu *mois de mars*, mwezi wa tatu, kwa sababu ilimlegeza. Na vidonge nilivyohesabu? "Nilikuwa naimwanga mu toilette mbele ufike. Ile siku unakujaka naijua." Mwingine alimpa mumewe nusu. Mwingine, mwenye presha nzuri kuliko wote kwenye jedwali langu, alikuwa akila dawa za daktari wake wa zamani, na zangu anazituma Bukavu kwa dada yake kila anapopata msafiri. "Kule haziko," alinieleza. "Dada anasema zinamusaidia sana. Mungu akubariki."

Wengine wakaitikia amina.

Nilipiga meza hadi vijiko vikaruka. Niliwaita majina ambayo mtu hawaiti kina mama. Hawakukasirika. Mkubwa wao alinivutia kiti, akaniwekea chai.

"Kaa chini, chérie. Sisi tulikuwa tunakusaidia."

Na ni kweli, walikuwa wananisaidia. Kwetu mtoto akiwa na mtihani, nyumba nzima hufanya mtihani. Mmoja hukesha na taa, mwingine hufunga na kuomba, mwingine hudanganya kwa jirani kwamba mtoto hayupo. Nilikuwa nimewaambia ni mtihani. Walifanya kila kinachofanywa. Hasira yangu ilikuwa imekosea nyumba, na niliinywa chai ile nikiwa sina pengine pa kuipeleka hasira.

Nilikwenda ofisi ya chuo inayoshughulikia maadili ya utafiti. Mama mmoja wa makamo, mpole, alifungua jalada langu, akapitia fomu zangu zote za tamko, kidole chake kikishuka kwenye kila *néant*. Nilimweleza kila kitu. Evere, majira mawili ya baridi, utani wa jikoni, kitambaa. Alisikiliza kwa makini, tena macho yalimlowa. Kisha akasema fomu zangu ziko sawa.

"Hazipo sawa," nikamwambia. "Yule alikuwa mama yangu."

"Mama yako wa kuzaa?"

"Hapana."

"Basi, madame, hukuwa na cha kutangaza."

Alisema pia kwamba tukio limeripotiwa kwa wakati, karatasi ya ridhaa ina sahihi, na kwamba watafikiria kuongeza swali moja kwenye fomu ya miaka ijayo. Nilitaka anigombeze. Nilitaka mtu mwenye mamlaka anyooshe kidole aseme, wewe. Alinipa leso za karatasi na namba ya simu ya mwanasaikolojia wa chuo.

Profesa naye hakuwa mtu mbaya, na kwenye habari hii ningefurahi kama angekuwa mbaya. Fomu yake ya tamko ilikuwa ndefu kuliko ya idara nzima: mihadhara kwa kampuni hii, ushauri kwa kampuni ile, yote imeandikwa kwa mwandiko safi. Yeye alikuwa na maslahi mengi yaliyoandikika. Mimi nilikuwa na moja lisiloandikika, na ndilo lililoua.

"Unajiadhibu," aliniambia. "Sura nne zimekwisha. Eleza kifo hicho kwa uaminifu, weka aya moja kuhusu mapungufu, utetee mwezi wa sita."

"Wengine wote pia walinidanganya."

"Wagonjwa hudanganya kila mahali."

"Si kwa sababu hii."

Alitazama nje. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nimekifikiria: mradi wake ulikuwa unangoja kuongezewa miaka, na majedwali yangu yalikuwa mazuri. Nilikifikiria kwa wiki nzima. Nasema hivyo ili mtu asinione mtakatifu. Kwa siku saba niliamka, nikafungua tarakilishi, nikaitazama sura ya nne, nikaona ilivyopendeza, nikajiambia kwamba yeye mwenyewe ndivyo alivyotaka. Siku ya nane niliandika barua ya kuiondoa tasnifu. Niliandika kwamba takwimu zilipatikana kwa watu wasioweza kunikatalia, na kwa hiyo hazisemi lolote kuhusu dawa. Chuo kilinijibu kwa barua fupi ya heshima. Kilisikitika, na kilipongeza uadilifu wangu.

Nilidhani hilo ndilo deni pekee ninaloweza kumlipa marehemu. Sikutaka jina langu lipate cheo juu ya koo lake lililotobolewa. Nilitaka binti yake alisikie kutoka kwangu, si kwa watu wa kanisani, basi nikaenda Evere siku ya Alhamisi mchana, siku ambayo hakuwa zamu. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na alikuwa amebaki peke yake kwenye fleti ile. Nilimkuta anakunja nguo za kazi kitandani. Nilikaa kwenye kiti, nikamweleza yote, hata zile siku saba. Barua ya chuo ilikuwa mkobani. Nilifikiri nikimaliza nitamsomea pale paliposema uadilifu.

Alikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Donc haukumaliza," alisema.

"Sikumaliza. Sikuweza kujenga juu ya ile."

"Miaka yote ile. Haukumaliza."

"Hapana."

Akakaa kitandani, mikono juu ya nguo.

"Mara ya deuxième, ile ya foulard, mimi nilimuona asubuhi. Nilichukua simu nikupigie. Nilikuwa na namba yako tayari ku écran. Akanishika mukono hivi. Akasema, ungojee, chérie, imebaki miezi mbili tu, mutoto amalize kwanza, kisha nitaenda ku docteur. Akaniapisha." Alinitazama, na hakukuwa na chuki usoni mwake, ningeijua chuki na ningeishukuru. "Mimi ninafanya kazi na bagonjwa. Niliona ile midomo. Na nilingojea. Alipokufa, kila siku nilikuwa nasema, bon, yaya, dada yangu mukubwa, atamaliza, atavaa ile kofia, Maman ataona kule alipo, na mimi nitajua nilingojea nini."

Nilitazama zile nguo chini ya mikono yake.

"Sasa uniambie, yaya. Nilingojea nini?"

Niliushika mkoba magotini na sikuufungua. Aliningoja nijibu, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake. Kisha akachukua suruali iliyofuata, akaanza kuikunja.